Ushauri wa haraka: Coaster iliyokuwa ya shule, nataka kuifanya gari la kulala safarini

Msafiri_Kimara
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hii ni siku ya tatu sipati usingizi. Kuna Toyota Coaster ndefu (basi dogo) iliyokuwa inabeba wanafunzi, shule imenunua mabasi makubwa kwa hiyo hii inauzwa. Ni modeli ya HZB50, injini ya dizeli 1HZ, gia ya mkono, kilomita 214,000, bei milioni 31. Nataka ning'oe viti, niweke kitanda, jiko dogo na tangi la maji, Desemba niende na mke wangu na watoto wawili Kitulo, tukirudi tupitie Ruaha. Swali langu ni moja tu: ndani nifunike kwa jipsamu au plaiwudi? Fundi anasema jipsamu ni nafuu na inapendeza.

Seremala wa Keko
Jipsamu usiiguse. Ile imetengenezwa kwa ukuta uliotulia. Gari linajikunja kila tairi likiingia shimoni, na bodi ya jipsamu itapasuka kuanzia kwenye skrubu kabla hujafika Mikumi. Kuta weka plaiwudi ya mm 6, dari mm 4 ili ikubali kupinda kufuata paa, sakafu mm 18 ile isiyofumuka kwa maji. Funga kwa skrubu kwenye mbavu za bodi, misumari hapana, na kati ya kipande na kipande acha mm 3 vipate pa kuchezea, la sivyo gari zima litalia kama kitanda kibovu.

Nyuma ya plaiwudi weka foam ngumu ya mm 25, uigandishe moja kwa moja kwenye bati bila kuacha upenyo. Watu wanne wakilala humo, pumzi zao usiku zinageuka maji kwenye bati lililopoa. Kitulo ni baridi kweli. Ukiacha upenyo, maji yatakaa pale na kutu itakula bodi kutokea ndani huku nje rangi inang'aa.

Gereji_Tabata
Ndugu, plaiwudi baadaye. Hiyo gari umeiwasha mwenyewe ikiwa imelala usiku mzima? Mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati na pistoni, umebadilishwa lini? Kwa 1HZ ni kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kilomita 214,000 maana yake ulitakiwa kubadilishwa mara mbili. Usikubali neno la mdomo, fungua kava uuone.

Halafu hizo kilomita za shule zisikudanganye. Basi la shule linasimama kila geti, linanguruma dakika kumi likisubiri mtoto avae viatu, linaondoka, linasimama tena. Klachi, breki na injini vimefanya kazi kubwa kuliko namba inavyosema.

Msafiri_Kimara
Asante Seremala, nimeachana na jipsamu. Mkuu wa Gereji, gari nimeliona mara mbili na lina nguvu sana, turbo (ile ya kuisukumia injini hewa zaidi) inasikika kabisa ukikanyaga. Mara zote mbili nilikuta dereva ameshaliwasha, lakini linanguruma safi. Nje halina hata mkwaruzo.

Dada_wa_Njombe
Kaka, mimi ningekwambia utafute Rosa, basi dogo la Mitsubishi, yenye injini ya 4D33. Ile haina mkanda wa taiming, inaendeshwa kwa gia, kwa hiyo hofu hiyo yote inaondoka. Ni silinda nne tu, nozeli nne, bili ya pampu na nozeli inapungua. Mlimani itakwenda polepole, lakini gari la kulala halina haraka.

Baba Wawili
Mimi nauliza kitu kingine. Milioni 31, bado plaiwudi, bado betri, kwa gari utakalolala siku kumi kwa mwaka? Watoto wanahitaji ada Januari. Gesti za Makambako zipo na zina maji ya moto. Mwanaume apange vitu kwa uzito wake.

Umeme_Jua
Kila mtu apange pesa zake, tumsaidie alichouliza. Coaster nyingi za 1HZ zina umeme wa volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Kosa la mafundi wengi ni kuchota volti 12 kutoka betri moja ili kuwasha redio na taa. Betri ile inabaki na njaa, ya pili inachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote zinakufa. Weka kifaa cha kushusha volti 24 kwenda 12, au betri ya nyumba iwe peke yake na ichajiwe na sola. Kwa friji ndogo ya volti 12, taa na chaji za simu, betri ya lithiamu ya Ah 200 na paneli za wati 400 zinatosha. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, siyo kule mwisho wa waya.

Gesi: mtungi wa kilo 6 ukae kwenye sanduku lililofungwa upande wa ndani, lenye mlango wa nje na tundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni mlipolala nyinyi. Hapo usibane matumizi.

Gereji_Tabata
Ushauri wa gesi ni wa kweli. Lakini ndugu wa Kimara, hujanijibu, na nauliza wazi: umeshatoa hela?

Msafiri_Kimara
Wakuu, sikutaka kulisema mwanzo kwa sababu nilijua mtanirukia. Nimeshatoa milioni 12 kama kishika uchumba. Kulikuwa na wateja wengine wawili, ningefanyaje? Muuzaji ni mtu mzima, anasali, ameniandikia karatasi kwa mkono na tumesaini. Godoro na paneli pia nimeshanunua. Kwa hiyo naomba msinivunje moyo, nisaidieni kusonga mbele.

Baba Wawili
Ndiyo maana hulali.

Jicho_Pevu
Wadau, simameni kidogo. Huu uzi una harufu. HZB50 inatoka kiwandani na 1HZ isiyo na turbo. Coaster ya turbo yenye injini ya lita 4.2 ni HDB. Huyu anasema HZB50, anasema 1HZ, halafu anasema turbo inasikika. Ama hakuna gari na mtu anatuchezea, ama ni dalali anapima bei kabla ya kuleta tangazo. Nimeshaona nyuzi kama hizi, mtu "anaomba ushauri", kesho yake namba ya simu ipo.

Dada_wa_Njombe
Hata mimi hilo la turbo lilinipita. Kaka, weka picha ya kadi ya gari, funika majina.

Msafiri_Kimara
Inauma kuitwa tapeli wakati mimi ndiye nimetoa milioni 12. Kesho saa 12 asubuhi nitakuwa pale kabla dereva hajafika. Niambieni nitazame nini.

Gereji_Tabata
Vizuri. Jicho_Pevu hajakosea kuuliza, lakini kuna uwezekano wa tatu, nao ndio unanitisha.

Nenda na tochi, nyundo ndogo, kitambaa chenye dizeli na nakala ya kadi. Kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa vuguvugu, imewashwa kabla yako na kuna kitu kinafichwa. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa baridi, uangalie kama kuna utando wa oili. Washa huku mfuniko uko wazi: mapovu yasiyokoma yanaonyesha gasketi au hedi (kichwa cha injini) imepasuka. Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi si kitu, ukiendelea dakika nzima ni jambo. Fungua kifuniko cha kuwekea oili. Ikiwa inapuliza kama pua ya ng'ombe, injini inapumua, imechoka.

Sakafuni inua kapeti la mpira, hasa juu ya matairi ya nyuma na kwenye ngazi ya mlango. Gari la shule linaoshwa kwa mpira wa maji kila siku, maji yanaingia kwenye matundu ya bolti za viti na hayatoki. Gonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Chini tazama chesisi pale springi za nyuma zinaposhikwa.

Mwisho futa bloku, yaani mwili wa injini, usome namba ya injini, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu.

Msafiri_Kimara (kesho yake)
Nimerudi. Injini ilikuwa baridi, nimeiwasha mwenyewe. Ilichukua muda, moshi mweupe kama dakika mbili. Mapovu kwenye rejeta yapo, madogo lakini hayakomi. Sakafu inalia vizuri isipokuwa ngazi ya mlango. Turbo ipo kweli, imeungwa kwa bomba lililochomelewa kwa mkono. Na namba ya injini inaanza na 1HZ lakini tarakimu nne za mwisho si za kwenye kadi. Picha hizi hapa, majina nimefunika.

Jicho_Pevu
Nimeziona. Nakuomba radhi kaka, gari lipo na wewe si dalali.

Gereji_Tabata
Basi ndicho nilichohofia. Injini ilibadilishwa, halafu mtu akaipachika turbo. 1HZ inachomea mafuta kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi. Ukiisukumia hewa na dizeli zaidi bila kupima joto la ekzosi, vyumba hivyo na hedi vinapasuka. Mapovu uliyoyaona yanaelekea huko. Kwa mwendo wa Kimara hadi shuleni itaonekana nzima. Mlima Kitonga, ikiwa na maji, jiko na familia, itachemka.

Umeme_Jua
Na akiinunua, tangi la maji likae kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Lita 150 ni kilo 150. Zikikaa mkiani usukani unakuwa mwepesi.

Msafiri_Kimara
Sasa milioni 12 zangu? Bado nalitaka gari. Bodi ni nzuri mno.

Gereji_Tabata
Usitoe hata shilingi nyingine leo. Rudi na shahidi, andikeni mkataba mpya kwa mwanasheria wenye mambo matatu. Namba ya injini irekebishwe TRA na mwenye jina kwenye kadi, kabla ya kuhamisha umiliki. Hapohapo angalia kadi isiwe na jina la benki pembeni ya la shule. Likiwepo, kuna mkopo. La pili, hedi ishushwe ipimwe presha, turbo itolewe, gharama zikatwe kwenye milioni 19 zilizobaki. La tatu, hedi ikiwa imepasuka na hawataki kupunguza, milioni 12 zirudi kwa tarehe iliyoandikwa.

Ukienda, picha ya bloku uwe umeichapisha kwenye karatasi. Iweke mezani kabla hujaanza kuongea.

Msafiri_Kimara
Naenda studio ya picha sasa hivi. Mke wangu ndiye atakuwa shahidi.