Maoni ya wananchi mtandaoni: msimamizi anaruhusiwa kufuta nini?

Wakuu naomba kueleweshwa. Nimetuma maoni kuhusu rasimu ya sera, naambiwa "yanasubiri kupitiwa". Sasa huyo anayepitia si anaweza kuchuja yote yasiyompendeza halafu watangaze wananchi tumekubali?

Jibu 1
Mkuu wengine wanapitia kabla, wengine maoni yanatokea palepale na yanaondolewa yakivunja masharti. Cha kufutwa ni matusi, vitisho, namba za simu za watu, matangazo, ila hoja ya kupinga haiguswi hata ikiwa kali vipi. Masharti lazima yawekwe wazi kabla zoezi halijaanza, kwahiyo yasome, na wakikukatalia dai sababu kwa maandishi.

Jibu 2
Taiwan mwaka 2015 walijadili Uber kwa kutumia Polis, programu ya kukusanya maoni mtandaoni, na pale hakuna kujibizana kabisa, unaandika sentensi fupi wengine wanapiga kura ya kukubali, kukataa au kuiruka, halafu programu inachora makundi ya watu wenye kura zinazofanana na unaona kauli zinazokubalika pande zote. Naipenda sana hii maana wapiga kelele wanakosa pa kupigia.

Jibu 3
Mimi naogopa zaidi maoni feki. Marekani 2017, kwenye kanuni za intaneti, yalikuja zaidi ya milioni 22 na uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa New York ukakuta karibu milioni 18 ni feki, mengine yana majina ya watu wasiojua lolote. Ndo maana wingi sio kura, hoja moja yenye ushahidi ina uzito kuliko elfu za kukopi. Subiri ripoti ya mwisho uone kama wamejibu hoja yako.

Muuliza swali
Asanteni, naenda kuyasoma masharti sasa hivi.