Gari la Bibi limegoma tena

JUMATATU

Salma: Shikamooni wakubwa. Gari limegoma tena. Bibi keshavaa, kadi ya kliniki mkononi, nageuza ufunguo nasikia tik tik tik tik, basi.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Si umeweka betri mpya juzi tu?

Salma: Huu mwezi wa tatu, mama. Laki na themanini. Na ile ya kabla yake haikumaliza mwaka.

Idi: Dada, chukueni bajaji kwanza. Bibi hajala tangu jana usiku, asikae na njaa.

Salma: Tumeshapanda, nawaandikia humu humu.

Mama Mdogo: Betri za siku hizi hazina kitu. Nunua kubwa zaidi.

Mjomba: Asinunue. Salma, ukishaboostiwa kwa betri ya gari jingine, linatembea siku nzima bila shida?

Salma: Shikamoo mjomba. Ndiyo. Ijumaa nimekwenda Kariakoo, nimelizima na kuliwasha mara nne. Shida ni likilala siku mbili tatu.

Mjomba: Marahaba. Hapo ndipo penyewe. Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala. Ukiweka betri nyingine nacho kitainywa hiyo hiyo. Na kila inapokauka kabisa inazeeka, uwezo wake haurudi wote. Mpelekee fundi aichaji polepole usiku kucha. Jumamosi Idi aje na mita ya kupimia umeme.

JUMAMOSI

Idi: Shikamoo mjomba. Betri imetoka kwenye chaji, inasoma volti 12.6. Nimewasha injini, 14.2.

Mjomba: Marahaba. Basi alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, inachaji. Zima, ufunguo utoke kabisa. Fungua terminali ya hasi, spana namba 10. Waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la 10A, halafu mita ikae katikati: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye terminali uliyoifungua. Umeme wote upite ndani ya mita. Na asiguse mtu ufunguo! Starta, mota ya kuwashia injini, inavuta ampea zaidi ya mia, fyuzi ya mita inakatika pale pale.

Idi: Ampea 1.4

Salma: Hiyo ni nyingi?

Mjomba: Mlango uko wazi?

Idi: Wa dereva, ndiyo. Taa ya ndani inawaka.

Mjomba: Uache wazi, lakini swichi ya mlango ibonyeze ibaki ndani, gari lidhani mlango umefungwa. Ngoja nusu saa.

Mama Mdogo: Na taa ya buti je? Ya jirani yangu ilikuwa haizimi.

Mjomba: Umenena, mdogo wangu. Idi, weka simu inarekodi video ndani ya buti, ufunge, uhesabu kumi.

Idi: Giza totoro. Ya buti inazima.

Idi: Nusu saa imepita. 0.62, haishuki.

Mjomba: Huyo ndiye mwizi. Gari kama hilo likilala halitakiwi kuvuka ampea 0.05. Piga hesabu: ampea 0.62 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 15. Betri yako ni ya ampea-saa 45. Tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu alfajiri ni saa 60, zimeshakwenda 37. Starta itageuka na nini? Sasa chomoa fyuzi moja moja, uangalie mita, rudisha, nenda nyingine.

Idi: Alamu, haijabadilika. Soketi ya kuchajia simu, haijabadilika. Honi, bado.

Idi: MJOMBA. Iliyoandikwa DOME. Imeshuka mpaka 0.03!

Mjomba: Hiyo kwenye Toyota IST kama hilo la Bibi si ya taa ya ndani peke yake, inalisha na kumbukumbu ya redio. Salma, redio ya skrini ilifungwa lini?

Salma: Mwaka jana mwezi wa pili. Nilimfungia Bibi asikilize kaswida njiani. Ya Kijapani ilikuwa haishiki stesheni zetu.

Salma: Na betri ya kwanza ilianza kuchoka baada ya hapo. Ya Rabi. Sikuunganisha kabisa.

Mjomba: Usijilaumu mwanangu. Ukizima gari, redio inajizima?

Salma: Hapana, nabonyeza kitufe cha pembeni ndiyo skrini inakuwa nyeusi. Nilidhani zote ndivyo zilivyo.

Mjomba: Idi, rudisha fyuzi, vuta redio, iguse mgongoni.

Idi: Ina joto! Ufunguo uko mfukoni kwangu na redio ina joto kama pasi iliyochomolewa sasa hivi. Na waya wa njano na mwekundu vimesokotwa pamoja, solotepu imelainika inanata vidoleni.

Mjomba: Basi. Wa njano unakaa na umeme saa zote, redio ikilala unakula kidogo tu wa kumbukumbu. Mwekundu ndio wa kuiamsha, unatakiwa upate umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa. Aliyefunga kaviunganisha vyote kwenye umeme wa saa zote, redio haijalala hata usiku mmoja. Kazi ya dakika kumi akaifanya kwa mbili, na mama yangu anakaa na njaa kituoni kusubiri bajaji. Imeniuma sana hii.

Mjomba: Funga terminali ya hasi, mita irudishe kwenye volti na waya wake mwekundu kwenye tundu la mwanzo, ndipo utafute waya wa gari ambao ufunguo ukitoka unasoma 0, ukigeuza hatua ya kwanza unasoma 12. Mwekundu uunge huo, kwa kiungio, usisokote.

Idi: Tayari. Nimeirudisha mita katikati kwenye ampea, inasoma 0.04. Redio ilijizima yenyewe nilipotoa ufunguo.

Mama Mdogo: Kaka, na langu huku Tanga? Nakwenda Maskati mwezi na nusu. Nilitaka mtoto awe analiwasha dakika tano kila Jumapili.

Mjomba: Dakika tano hazirudishi kinacholiwa wiki nzima likiwa limelala, betri itakuwa inaisha taratibu. Fungua terminali ya hasi, uiweke pembeni isigusane. Ukirudi utaseti saa upya.

JUMATATU

Salma: 11:50 alfajiri. Limewaka mguso mmoja.

Salma: Tumefika, Bibi ni namba 4. Anasema mjomba umpigie akishakunywa chai.