Naomba ushauri: naishi Mainz, kazini Wiesbaden, sikukuu nifuate ipi?

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie, hasa mlioajiriwa Ujerumani.

Mainz (jimbo la Rheinland-Pfalz) na Wiesbaden (jimbo la Hessen) zinatenganishwa na mto Rhein tu, na kalenda zao za sikukuu zinatofautiana siku moja: 1 Novemba, Watakatifu Wote. Rheinland-Pfalz ni sikukuu, Hessen ni siku ya kazi. Mwaka 2026 inaangukia Jumapili, haina neno. Mwaka 2027 ni Jumatatu, na Jumatatu mimi hufanyia kazi nyumbani, Mainz.

Najua kanuni: kinachoangaliwa ni mahali pa kazi, si anwani ya makazi. Mkataba wangu unataja Wiesbaden, na kazi ya nyumbani imo kwenye nyongeza ya ukurasa mmoja isiyogusa sikukuu. Ofisi ya utumishi imenijibu kwa mstari mmoja: "chukua likizo." Mbona nikatwe siku ya likizo na huku mtaani hata duka la mkate limefungwa?

Maswali mawili:
1. Siku hiyo mahali pa kazi panahesabika Mainz au Wiesbaden?
2. Nyongeza ikirekebishwa, iandikweje ili sikukuu ilipwe? Mwenye kifungu kilichokubaliwa kwake, tafadhali aniwekee maneno yake kwa Kijerumani.