Chama kilichotuahidi maji mlimani kimetutumia na kututupa, na majina yetu bado yamo kwenye daftari lake

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Mimi ni mkazi wa mtaa mmoja wa milimani wilayani Nyamagana, Mwanza, mahali ambapo mtu akifungua mlango asubuhi Ziwa Victoria lote liko mbele ya macho yake, na ndani hana maji ya kunawia uso. Maji ya bomba hayapandi kwetu kwa sababu msukumo wake unaishia kwenye nyumba za bondeni; kinachohitajika ni pampu ya pili na tenki juu ya mwamba. Kwa sasa dumu la lita 20 tunalinunua kwa shilingi 500, na linapandishwa mabegani kwenye yale mawe kwa kuwa hakuna mkokoteni unaoweza kufika.

Chama ninachokilalamikia, ambacho sitakitaja, ni chama kidogo kilichokuja kwetu mwaka 2023 na hoja moja tu, maji mlimani. Hakikuzungumzia bei ya sangara, wala machinga, wala barabara, na sisi tulikipenda kwa sababu hiyohiyo. Kaya 63 zikachukua kadi na kuchanga fedha, kisha tukakutana na kumchagua mama mmoja anayeheshimiwa na kila nyumba awanie uenyekiti wa mtaa katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Tulijua kwamba mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kujenga tenki. Hata hivyo ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata, na huko ndiko tulikotaka jambo hili lisemwe na liandikwe kwenye muhtasari, ili lisiendelee kuishia kwenye vijiwe vyetu.

Fomu ziliporudishwa, jina la mama huyo halikuwamo. Katibu wa kata wa chama, mwenye kushika muhuri, alikuwa amemdhamini mpwa wake, kijana anayeishi chini kabisa ya mtaa, kwenye nyumba ambayo bomba lake halikauki. Tulipomfuata alitujibu kwamba uamuzi ulikuwa wa chama na kwamba michango yetu ilikuwa ya hiari. Mgombea wake hakupanda mlimani hata siku moja, akashindwa vibaya, na wengi wetu hatukumpa kura.

Kushindwa kwake hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba leo tukipeleka barua ya kuomba tenki tunaambiwa kuwa hoja ya maji ilipelekwa kwa wananchi na wananchi wenyewe wakaikataa. Kijana asiyejua uzito wa dumu ndiye aliyeibeba hoja yetu, na kura alizokosa yeye zimehesabiwa kuwa ni sisi tusiotaka maji!

Najua wapo watakaouliza kwa nini hatukumsimamisha mama yule bila chama. Kanuni zinamtaka mgombea wa mtaa awe amedhaminiwa na chama cha siasa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilikwisha kuamua tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila na wenzake, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Kuanzisha chama chetu nako haiwezekani, kwa sababu Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Ni mtu gani wa Pemba atakayechukua kadi kwa ajili ya tenki la mlimani Mwanza? Kwa hiyo anayeshika muhuri wa chama kidogo anajua kwamba hatuna pa kwenda, na ndiyo maana alithubutu.

Tumeandika barua mbili tukitaka mambo mawili: tusomewe mapato na matumizi ya michango yetu, na majina yetu yafutwe kwenye daftari la chama kabla hayajatumiwa kuombea nafasi nyingine. Hatujajibiwa barua hata moja. Ninaomba yeyote hapa aliyewahi kujitoa kwenye chama kwa maandishi anieleze barua ile aliikabidhi ngazi gani na alipataje nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu katibu wetu ameanza kusema kwamba barua zetu hazikumfikia.