Tupeane uzoefu: waliowahi kuipeleka familia Niagara wakati wa baridi

Mama Pacha: Wakuu, leo nimeona picha za Niagara imejaa barafu, nikamkumbuka mama mkwe. Alikuja kututembelea Januari, akasema haondoki Marekani bila kuyaona yale maporomoko. Basi tukaenda hadi kisiwa cha Goat Island, upande wa Marekani, pale Terrapin Point ukingoni mwa maporomoko. Upepo ukageuka, manyunyu yote yakatujia sisi. Muda si mrefu ushungi wangu umekakamaa, kope zinashikana. Uzio wa chuma umevikwa barafu nene. Simu ya mume wangu ilikuwa na chaji 60%, ikazima ghafla kwa baridi. Pacha mmoja analia vidole, mwenzake anataka choo. Nageuka, mama mkwe hayupo! Mume akatimua mbio, akateleza, chali. Nikapiga kelele mpaka watu wakanizunguka...

Shemeji Mpole: Halafu? Usituache njia panda.

Baba Neema: Baridi ya pale haina adabu.

Mchokozi: Mbona maji yenyewe huwa yameganda yote? Mlifuata nini?

Fundi Umeme: Hayagandi yote, acha kudanganywa na picha. Kinachoganda ni manyunyu, na barafu ya juu juu. Chini yake maji yanapita.

Mchokozi: Na mwaka 1848 yaliposimama?

Fundi Umeme: Hayakuganda hata hapo! Mwishoni mwa Machi barafu ya Ziwa Erie iliziba mdomo wa mto, maji yakakatika kwa saa kama 30. Tangu 1964 wanafunga kizuizi kinachoelea cha kuzuia barafu pale mto unapoanzia, kila baridi. Ila kweli baridi maji hupungua: mkataba wa 1950 unataka yapite angalau mita za ujazo 2,800 kwa sekunde mchana wa msimu wa watalii, nje ya hapo nusu yake tu. Mengine yanaenda kwenye mitambo ya umeme.

Mchokozi: Kumbe mnalipa nauli kuangalia nusu maji.

Mama Pacha: Nyie bishaneni. Mama mkwe tulimkuta kwenye jengo lenye joto, kavua koti, anakunywa chokoleti ya moto na wazee wa Kizungu asiojua hata lugha yao. Akatuuliza, "Nyie mlikuwa mnasimama kule mnatafuta nini?"

Baba Neema: 😂😂 Huyo mama apewe maua yake.

Shemeji Mpole: Pole dada. Mzee wangu yeye aliona barafu imeziba mto kule chini, akataka tushuke tuvuke kwa miguu. Zamani watu walitembea juu yake kweli, hata vibanda vya biashara vilikuwepo. Februari 1912 ikakatika, wakafa watu watatu, ndipo ikapigwa marufuku. Nilimweleza, akanuna hadi jioni.

Dada wa Ontario: Njooni upande wa Kanada, Horseshoe, poromoko kubwa kuliko mengine pale, inaonekana vizuri zaidi. Boti hazitembei baridi, lakini mahandaki ya nyuma ya maporomoko yako wazi.

Baba Neema: Na viza? Ukishavuka Rainbow Bridge, daraja la mpakani, kurudi Marekani ni habari nyingine. Bakini Goat Island, fungeni vyuma vya meno kwenye viatu.

Dada wa Ontario: Vyuma vya nini, tembeeni polepole tu.

Mchokozi: Mimi nasubiri Julai, maji yawe kamili. Mama mkwe naye aje na chokoleti yake.