Disipasanti (dawa ya kutenganisha chembe za rangi) ya wino mweusi wa maji: poliakrilati, resini au polima ya mikia?

flekso_Dar: Wadau habari zenu. Natengeneza wino wa maji wa kuprinti mifuko ya khaki ya unga. Nyeupe nasaga na sodiamu poliakrilati inatoka safi tu, shida ni nyeusi, siku ya kwanza inamiminika kama maziwa, nikirudi baada ya wiki imekuwa uji, nikikoroga inalegea halafu nikiiacha inarudi vilevile. Niongeze dozi au nibadilishe kabisa?

RangiMoto: Usiongeze mkuu. Poliakrilati inazitenganisha chembe kwa chaji, na titani dioksaidi, ile rangi ya unga ya wino mweupe, inaishika vizuri. Kaboni nyeusi, unga wa wino mweusi, haina pa kuishikia, dawa inaelea tu kwenye maji. Na kama unatumia maji ya kisima yenye kalsiamu nyingi ndo kabisa.

Bi_Maabara: Mi miaka yote nasagia na resini ya stairini akriliki iliyoyeyushwa kwa amonia. Bei yake inavumilika na ndo hiyohiyo inashikisha wino kwenye karatasi. Ila uwe na kipima pH (kipimo cha asidi na alkali) pale mashineni, amonia inaruka hewani mchana kutwa, pH ikishuka chini ya 8 wino unaanza kuganda kwenye rola.

msagaji: Dada yuko sahihi kwa kazi ya kawaida, ila kwa weusi ulioiva mi naenda na polima ya mikia. Inajibana kwenye chembe sehemu nyingi, mikia yake inajitandaza kwenye maji, chembe mbili zikisogeleana mikia inazizuia. Bei ya kilo inauma kweli, lakini piga hesabu ya dozi kwanza: anza na miligramu 2 kwa kila mita mraba ya uso wa pigmenti (unga wa rangi). Kaboni ya mita mraba 100 kwa gramu inataka gramu 20 za polima kavu kwa kila gramu 100 za kaboni, titani ya mita mraba 15 inataka gramu 3 tu! Jaribu 15, 20 na 25, chukua ile yenye wino mwepesi zaidi. Ukizidisha wino unachelewa kukauka na mfuko ukilowa unachuja.

RangiMoto: Kabla hujanunua, angalia kwanza kama chembe zimeshikana: changanya nyeusi kidogo kwenye nyeupe yako, paka kwenye karatasi, ikiwa bado mbichi sugua upande mmoja kwa kidole.

flekso_Dar: Nimefanya sasa hivi. Niliposugua pamekoza, kwingine kijivu kimepauka.

RangiMoto: Basi chembe zimeshikana tena, kusaga zaidi hakutasaidia. Omba sampuli ya polima, hata nusu lita inatosha hizo dozi tatu.