The Rise of Skywalker: Rey wetu mmempeleka wapi?

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na ninauandika nikiwa na hasira kweli. Nitagusa The Rise of Skywalker yote, filamu ya tisa inayofunga hadithi ya Star Wars, mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo ambaye bado hajaitazama na hataki kuharibiwa uhondo aishie hapa hapa.

Mliokwisha kuitazama, niambieni mmekubalije.

Naanza na lililoniuma kuliko yote. Mwaka 2017, The Last Jedi, filamu ya nane, ilimfanyia Rey, shujaa wetu wa kike, jambo ambalo trilojia hii mpya ilikuwa inalihitaji sana. Luke Skywalker, shujaa wa filamu za zamani, ni mtoto wa yule mwovu Vader, Leia ni dada yake Luke, Kylo Ren, adui wa Rey, ni mjukuu wa Vader; kila mwenye upanga wa mwanga ana ukoo nyuma yake. Halafu anatokea huyu binti wa Jakku, sayari ya jangwa, muokota vyuma, anauliza wazazi wake ni akina nani, na jibu linakuja kavu: hawakuwa watu wa maana. Walikuwa wauza vyuma chakavu, walimuuza wapate hela ya pombe, wakafa, wakazikwa kwenye makaburi ya mafukara huko huko jangwani. Pamoja na hayo, Nguvu (the Force), ule uwezo usioonekana wa mashujaa hawa, imemwita yeye. Ni yeye aliyeyainua yale mawe kwenye sayari ya Crait na kuwafungulia njia wenzake waliokwama pangoni. Na filamu ikafungwa na mtoto wa mazizini anayevuta ufagio bila kuugusa, mtoto wa kawaida kabisa. Ujumbe ulikuwa wazi kabisa: mlango huu haulindwi na familia moja.

Sisi ambao ukipeleka barua ya kazi au ya posa unaulizwa kwanza "wewe mtoto wa nani?", tulimwelewa Rey. Mimi nilimwelewa. Nilimpenda kuliko Luke, na Luke nimempenda tangu utotoni.

Sasa kaja J.J. Abrams na mwandishi mwenzake Chris Terrio wamelifuta lile jibu. Rey ni mjukuu wa Palpatine, yule mfalme mwovu aliyekuwa bwana wa Vader. Wazazi wake walijifanya watu wa chini ili kumficha, na kumuuza kwao kulikuwa kumlinda. Zile radi zinamtoka vidoleni kwa sababu ni damu ya babu. Kwa hiyo uwezo wake wote, tangu siku ile alipompiga Kylo kwenye theluji mwaka 2015, sasa una maelezo: karithi. Hakuna tena muokota vyuma aliyeteuliwa, kuna binti wa ikulu aliyepotea.

Najua kuna wakuu watasema ujumbe ni kwamba mtu anaweza kuukataa ukoo wake mbaya. Sawa, lakini hilo tumeshalitazama. Luke aliutupa upanga wake mbele ya Palpatine mwaka 1983, akakataa kumuua baba yake, akakataa kuwa kama yeye. Ilikuwa nzuri kuliko hii na ilituumiza kuliko hii, kwa sababu Vader tulimjua. Huyu babu wa Rey kaletwa dakika za mwisho, na huyo mtoto wake, baba yake Rey, hatumjui hata kidogo. Tunaona sura yake kwa sekunde chache, basi. Halafu hawa wanaoshikilia damu wamemsahau Anakin mwenyewe, ndiye Vader kabla hajageuka, mtoto wa mama mtumwa wa sayari ya Tatooine asiye na baba. Ukoo wenyewe wa Skywalker ulianza kwa mtu asiye na ukoo!

Tuje kwa Palpatine. Katika Return of the Jedi, ile ya 1983, Vader alimnyanyua akamtupa shimoni, na ile Death Star, kituo cha angani cha kulipua sayari, ikalipuka na kila kilichokuwa ndani. Filamu sita za George Lucas zinatembea kuelekea tukio lile. Baba aliyepotea anarudi, anamwokoa mwanawe na kumaliza uovu kwa gharama ya maisha yake. Leo tunaambiwa uovu haukuisha. Tena tunaambiwa kwenye maandishi ya njano yanayopanda mwanzoni, kwamba wafu wanazungumza na galaksi nzima imesikia sauti yake. Sisi watazamaji hatukuisikia. Ile hotuba ya vitisho ilirushwa ndani ya mchezo wa Fortnite siku chache kabla filamu haijatoka. Mtu katazama filamu nane tangu 1977, kalipa tiketi ya filamu ya tisa, na tukio linaloianzisha hadithi yote limewekwa kwenye gemu!

Poe Dameron, rubani mwenzake Rey, anapowaeleza wenzake, anasema tu Palpatine karudi kwa namna fulani. Mmoja pembeni anataja sayansi ya giza na kuzalisha nakala za watu, na mazungumzo yanasonga mbele. Na zile meli za vita zinazotoka ardhini kule Exegol, sayari anakojificha Palpatine, kila moja na mzinga wa kulipua sayari nzima, nani alizijenga? Mabaharia wake walilelewa wapi, walikula nini miaka yote hiyo? Mwaka 1977 ilihitajika Death Star moja na tuliogopa. Sasa kila meli ni Death Star, na hofu imekwisha kabisa, kwa sababu kitu kikubwa kinachorudiwa mara mia hakitishi tena.

Kingine kilichonikera ni kwamba kifo hakina maana humu. Chewbacca, yule jitu mwenye manyoya, analipuka kwenye chombo kwa mkono wa Rey mwenyewe. Ukumbi mzima ulinyamaza nilipokuwa mimi. Lilikuwa jambo zito kuliko yote ambayo filamu hii ingeweza kutupa, Rey kumuua rafiki yao wote kwa hasira yake. Dakika chache baadaye tunaonyeshwa Chewie yu hai, kulikuwa na chombo kingine. Roboti C-3PO anakubali kufutwa kumbukumbu, anawatazama rafiki zake mara ya mwisho, machozi yananilengalenga, halafu roboti mwenzake R2-D2 anamrudishia kumbukumbu zake na mambo yanaendelea kama kawaida. Sayari ya Kijimi inalipuliwa, Zorii, rafiki wa zamani wa Poe, na yule fundi mdogo Babu Frik waliokuwa wanaishi pale wanatokea vitani wazima. Ni kama mtu anayekukopesha huzuni na kuja kuidai kabla hujaitumia.

Na ule msako! Ili wafike Exegol wanatafuta jambia la Sith, wale wa upande wa giza, jambia lina maandishi, maandishi yanawapeleka kwenye mabaki ya Death Star yaliyolala baharini, na ukingo wa jambia unalingana na umbo la mabaki ukisimama pale pale aliposimama Rey. Mabaki yanayopigwa na mawimbi makubwa miaka na miaka. Anakipata kifaa cha kuonyesha njia, Kylo anakivunja mkononi. Kisha anafika Exegol kwa kutumia kifaa cha Kylo. Zaidi ya nusu ya filamu tumekimbizwa kufuata kitu ambacho hakikutumika.

Ila hasira yangu kubwa baada ya Rey ni Finn, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 2015 walituuzia The Force Awakens kwa picha ya John Boyega, anayemwigiza Finn, kashika upanga wa mwanga. Kijana mweusi, askari aliyenyakuliwa kwao utotoni akapewa namba badala ya jina, FN-2187, ambaye siku ya kwanza ya vita anaagizwa kuua wanakijiji na anakataa. Hiyo ni hadithi kubwa! Hiyo peke yake ingetosha filamu tatu. Katika hii ya tisa wanamkutanisha na Jannah, anayeigizwa na Naomi Ackie, na tunajua kwamba kundi lake lote lilikuwa askari kama yeye na lote likaweka silaha chini lilipoamriwa kuua raia. Nilikaa wima kwenye kiti. Nikasema sasa ndiyo, Finn ataita askari wengine waasi, vita itaisha kwa wale vijana wenye deraya nyeupe kuvua kofia zao. Haikutokea. Mazungumzo yale yanachukua muda mfupi, halafu yeye na Jannah wanapanda farasi juu ya meli ya kivita kwenda kuvunja mtambo. Waliobaki ndani ya deraya, ambao nao walinyakuliwa wakiwa watoto, wanapigwa risasi kama takataka mpaka mwisho. Kazi ya Finn ikabaki kupiga kelele, "Rey! Rey!"

Rose Tico, yule fundi wa waasi, je? Kelly Marie Tran anayemwigiza alitukanwa na watu wanaojiita mashabiki mpaka mwaka 2018 akafuta picha zake zote Instagram. Sisi tunaoipenda hadithi hii kweli tulitegemea Disney wamsimamie. Wamempa sekunde 76 kwenye filamu ya dakika 142. Anabaki kambini kusoma michoro ya meli. Katika The Last Jedi alikuwa na zaidi ya dakika 10, na ni yeye aliyesema tutashinda vita kwa kuokoa tunachokipenda. Wale waliomtukana wameangalia hii na wameona wameshinda, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Na Maz Kanata wa dada yetu Lupita Nyong'o. Mshindi wa Oscar ya 2014, Mkenya, tulimshangilia Afrika Mashariki nzima alipotajwa kwenye Star Wars. Mwaka 2015 Han Solo alimuuliza upanga wa Luke aliupata wapi, akajibu kwamba hilo ni swali zuri la siku nyingine. Filamu mbili zimepita tangu hapo, hadithi imefungwa, siku nyingine haikufika. Humu anasimama nyuma ya watu, anatamka mawili matatu kuhusu Leia, na kumpa Chewbacca medali.

Chanzo cha yote haya kinajulikana. Disney walinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa dola zaidi ya bilioni 4, wakatangaza trilojia bila kuwa na ramani ya safari nzima. Abrams akaanza, Rian Johnson akapokea akaenda alikoona sawa, Colin Trevorrow akapewa ya tisa akaondoka Septemba 2017, Abrams akarudishwa na tarehe ikasogezwa kutoka Mei mpaka Desemba 2019. Katikati ya hayo Carrie Fisher, aliyemwigiza Leia, alifariki Desemba 2016, na filamu hii ilitakiwa iwe ya Leia zaidi. Hilo la msiba simlaumu mtu. Walitumia vipande vyake vilivyobaki kutoka filamu ya 2015 na wamejitahidi kwa heshima, ingawa unaona wenzake wanazungumza wakimzungukia. Lakini kutokujua Rey ni nani wakati umeshaanza kupiga picha filamu ya kwanza, huo si msiba. Huo ni uzembe wa watu wenye pesa zote duniani.

Wamefanya mazuri pia na nitayasema. Adam Driver, anayemwigiza Kylo, ni mwigizaji mkubwa, na pale anaposimama na kumbukumbu ya baba yake Han Solo juu ya yale mabaki nililia. Muziki wa John Williams, ambaye amezitungia zote tisa, bado unainua nywele. Lakini huyo huyo Kylo, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ben, baada ya kumrudishia Rey uhai wake na kufa mikononi mwake, hakuna mtu anayemtaja tena. Rey mwenyewe hamtaji. Roho yake haionekani popote.

Halafu mwisho. Rey anakwenda Tatooine kuzika panga za Luke na Leia kwenye shamba la akina Lars, waliomlea Luke. Kwa nini Tatooine? Luke mwaka 1977 alikuwa analilia kuondoka pale. Na Leia? Leia hajawahi kuishi pale. Kwao ni Alderaan, iliyolipuliwa mbele ya macho yake. Tatooine ndipo yule jambazi Jabba alipomfunga mnyororo shingoni, na yeye akamnyonga Jabba kwa mnyororo huo huo. Ndiko unakompeleka kupumzika? Aliyeandika hii anakumbuka mandhari ya jua mbili, hamkumbuki Leia.

Bibi anapita, anamuuliza Rey ni nani. Rey. Rey nani? Na anajibu Skywalker. Ndugu zangu, alikuwa na jibu la kweli mdomoni. "Rey tu." Angelisema hilo na kumtazama yule bibi machoni, ningewasamehe Exegol, ningewasamehe jambia, ningewasamehe farasi. Badala yake wamemvua ukoo wa babu wakamvika ukoo mwingine, kana kwamba binti huyu hawezi kusimama duniani bila jina la mkubwa fulani.

Msinijibu kwamba ni filamu ya watoto. Watoto ndio waliokuwa wanamhitaji Rey wa 2017.

Na anayeitetea hii kazi aanze na hili: kule kwenye sayari ya Pasaana, mchanga unawameza, Finn anamwambia Rey kuna jambo hajawahi kumwambia. Poe anamuuliza baadaye ni jambo gani, hasemi. Alitaka kusema nini? Asiniletee maelezo ya mahojiano wala ya kitabu. Nataka lililomo ndani ya zile dakika 142.